Kompyuta ya sebuleni ya kuangalia na kurekodi TV: jinsi nilivyofunga ya kwetu hapa Mbeya, hatua kwa hatua

Mwaka juzi kwaya yetu ya kanisani ilioneshwa kwenye TV, Jumapili asubuhi, dakika kama ishirini hivi, na mama yangu alikuwa mstari wa mbele anaimba sauti ya kwanza. Hakuna hata mmoja wetu aliyerekodi. Mama mwenyewe hakujiona maana muda ule ule alikuwa kanisani, akarudi nyumbani majirani wanamwambia tumekuona mama, umependeza kweli, yeye akasema basi nionesheni na mimi, tukabaki tunaangaliana. Kikishapita hewani kimepita, hukipati tena. Siku ile nikaamua nyumba hii itakuwa na mashine ya kurekodi, na baada ya kukosea sana na kupoteza hela nimeipata, kwaio naandika yote hapa ili mwenzangu ulieko Ilomba, Uyole, Tukuyu, Makambako au Iringa usirudie makosa yangu.

Kabla ya yote nikwambie kitu kimoja, watu wengi wanaanza kwa kununua kompyuta kali alafu antena wanafunga ya elfu kumi na tano ndani ya dari. Mi pia nlianza hivyo. Anzia juu ya paa, kompyuta ije mwisho.

Hatua ya 1: jua nini kinarekodika na nini hakirekodiki

Tangu analojia izimwe (Dar walianza tarehe 31 Desemba 2012, sisi Mbeya ikatufikia 2013) matangazo ya antena ya kawaida yanakuja kwa mfumo unaoitwa DVB-T2. Hiyo 2 ya mwisho ishike sana, ntarudi kwake. Ndani ya mawimbi hayo kuna chaneli za bure na kuna zilizofungwa, yani zinahitaji king'amuzi cha kampuni husika na malipo ya mwezi. Kompyuta yako itarekodi za bure tu. Zilizofungwa itaziona majina yake kwenye orodha lakini ukibonyeza ni giza. Usije ukadanganywa na mtu anaekuuzia "namba za siri za kufungulia", ni wizi na kesho zinazima, hela yako imeenda. Kama unataka kurekodi chaneli za kulipia, uliza wenye king'amuzi chenyewe kama kina modeli ya kurekodi kwenye flashi au diski, hiyo ndo njia ya halali.

Njia rahisi ya kujua kwako kuna nini: chukua king'amuzi cha antena cha jirani au cha kwako, kisichokuwa na malipo, piga skani uone zipi zinafunguka. Ukiwa hapo hapo ingia sehemu ya taarifa za signo, utaona namba ya masafa, mfano 500 na kitu au 600 na kitu, inaandikwa kwa MHz. Namba zote unazoziona andika kwenye karatasi pamoja na chaneli zilizomo kila namba. Hii karatasi itakuokoa sana hatua ya 5, usiipoteze.

Hatua ya 2: antena, waya na radi

Nunua antena ya nje ya UHF, ile ndefu ya vijiti vingi. Nyumba zetu ni bati, na bati linazuia mawimbi, kwaio antena ya kuweka ndani ya dari ni kujisumbua. Iweke juu ya paa kwenye bomba, ipande ivuke bati angalau mita moja. Kuelekea wapi? Angalia za majirani zimeelekea wapi alafu uanzie hapo. Na angalia vijiti vyao vimelala au vimesimama, fanya vivyo hivyo, maana ukilaza wakati mnara unatuma kwa kusimama unapoteza signo nyingi sana. Shida ya kwetu ni milima. Nyumba iliyojificha nyuma ya kilima inaweza kukosa kabisa hata kama mnara uko karibu, na mtu wa mbali zaidi mwenye uwazi akapata safi. Kwa watu wa mabondeni huko Rungwe na Ileje, zunguka kiwanja chako na antena mkononi kabla hujachimba shimo la bomba, wakati mwingine kusogea mita tano kunabadilisha kila kitu.

Waya nunua ulioandikwa RG6, ni ule mnene. Ule mwembamba wa bei chee unakula signo njiani. Koneta tumia za kuskrubu, na zile za nje zivishe soleteipu vizuri kabisa maana mvua zetu kuanzia Novemba mpaka Aprili hazina huruma, maji yakiingia kwenye waya utaona picha inakwaruza kila mvua ikinyesha na utalaumu kompyuta bure. Kabla waya haujaingia ukutani uache uning'inie chini kidogo kama tumbo, maji yadondokee pale yasifuate waya mpaka ndani.

Busta usikimbilie. Busta haitengenezi signo, inakuza ilioko pamoja na uchafu wake, na kama uko mjini karibu na mnara inaweza kuharibu kabisa. Nimeshamfungulia mtu wa Forest busta yake tukaitoa na chaneli zikaongezeka.

Sasa radi. Hapa naomba unisome polepole. Tuna yangu ya kwanza (kidude cha USB kinachoingiza waya wa antena kwenye kompyuta, ntakieleza hatua ya 4) iliungua mwezi wa kwanza, radi haikupiga hata nyumba yetu, ilipiga mti wa jirani lakini ikapita kwenye waya wa antena mpaka kwenye kompyuta, ikala tuna na porti mbili za USB. Bomba la antena lifunge waya wa ethi wa shaba unaoshuka mpaka kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, muite fundi umeme anaejua aipime. Alafu pamoja na hiyo, mawingu yakijikusanya chomoa waya wa antena na chomoa umeme. Ethi haizuii radi ya moja kwa moja, kuchomoa ndo kinga pekee ya uhakika. Ndio, utakosa kurekodi siku hiyo. Bora ukose kipindi kimoja.

Hatua ya 3: kompyuta yenyewe

Hapa hamna haja ya mashine kubwa. Kurekodi TV ni kuchukua data zinazokuja na kuziandika kwenye diski, prosesa haifanyi kazi yoyote ya maana. Kazi kidogo ipo kwenye kuonesha picha na hiyo inafanywa na sehemu ya grafiki. Tafuta zile kompyuta ndogo za maofisini za mtumba, ukubwa kama kitabu kinene, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny. Chukua yenye Intel ya kizazi cha 6 au zaidi, ukipata ya 7 ni bora kwa sababu inafungua na video mpya za HEVC za biti 10 (aina mpya ya kubana video) bila kuhangaika. RAM 4 GB inatosha, 8 ni raha.

Kwanini nasisitiza ndogo? Umeme. Hii mashine inakaa imewaka masaa 24. Hizi ndogo zikiwa hazina kazi zinakula wati 10 mpaka 15. Chukua 15, mara masaa 24, mara siku 30, ni units karibu 11 za LUKU kwa mwezi. Ile kompyuta kubwa ya kusimama inayokula wati 60 ni units 43. Na kama unatumia sola na betri tofauti hiyo ndo inaamua utarekodi usiku au hutarekodi.

Mambo ya kucheki dukani kabla ya kutoa hela:
- Nyuma ina HDMI? HP nyingi za aina hii zina DisplayPort tu, inabidi ununue adapta ya kwenda HDMI. Kama TV yako ni ya chogo utahitaji na kidude kingine cha kugeuza HDMI kwenda AV, picha inapungua ila inaonekana.
- Adapta yake ya umeme ni ya kampuni hiyo hiyo? Dell ikiwekewa adapta isiyo yake inaweza kuleta onyo na kupunguza spidi.
- Betri ndogo ya ndani, ile ya duara CR2032. Hii badilisha tu hata bila kuuliza, ni hela ndogo. Ikiwa imekufa kila umeme ukikatika saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma, na kompyuta isiyojua saa haiwezi kurekodi saa mbili usiku. Hili lilinisumbua wiki mbili nikidhani ni programu.

Ukifika nayo nyumbani ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya kompyuta unaofunguka kabla mfumo haujawaka), tafuta sehemu ya AC Recovery (kwa HP na Lenovo inaitwa After Power Loss) weka Power On. Maana yake umeme ukirudi mashine inajiwasha yenyewe. Kwa kukatika umeme kwetu hii ni lazima, la sivyo umeme unakatika mchana uko kazini, unarudi, mashine imelala, jioni hakuna kilichorekodiwa. Ongezea UPS (betri ya akiba) ndogo ya 650 VA, kwa mashine inayokula kidogo hivi inakupa muda wa kutosha kuvuka kukatika kwa dakika chache na inakinga na umeme wa kupanda na kushuka.

Diski: hesabu yake ni rahisi, kila Mbps 1 ya chaneli (kasi ya data zake) ni GB 0.45 kwa saa. Chaneli ya kawaida ya Mbps 3 inakula GB 1.35 kwa saa, ya HD ya Mbps 8 inakula GB 3.6. Kwaio diski ya GB 500 inabeba zaidi ya masaa 350 ya chaneli za kawaida. Mi nimeweka SSD (diski ya kasi) ndogo kwa ajili ya mfumo na diski ya laptop ya TB 1 kwa rekodi. Vumbi la kiangazi ni jingi, kila miezi mitatu fungua upulize feni.

Hatua ya 4: tuna

Ile 2 niliyosema. Tuna ni kidude cha USB kinachoingiza waya wa antena kwenye kompyuta. Kuna tele za bei rahisi zimeandikwa DVB-T, hizo hapa hazifai, hazitapata kitu. Mi niliuziwa moja dukani, boksi limeandikwa T2 ndani sio T2, na muuzaji akakataa kurudisha. Omba wakujaribishie au nunua modeli inayojulikana. Ninayotumia sasaivi ni Hauppauge WinTV-soloHD, inaeleweka na Linux (mfumo uliobeba programu ya hatua ya 5) bila kutafuta draiva. Kuna na dualHD yenye tuna mbili ndani.

Tuna moja au mbili? Hapa watu wengi hawajui: chaneli zinakuja kwa mafungu, fungu moja la masafa linabeba chaneli nyingi. Tuna moja inaweza kurekodi chaneli mbili tatu kwa wakati mmoja kama ziko fungu moja. Angalia karatasi yako ya hatua ya 1. Kama chaneli mnazopenda nyumbani ziko fungu moja, tuna moja inatosha kabisa, usiongeze hela.

Tumia waya mfupi wa USB wa kurefusha, usichomeke tuna moja kwa moja, maana uzito wa ule waya wa antena unavunja porti taratibu. Na kama nyumba iko bondeni antena imegoma kabisa, kuna tuna za dishi, DVB-S2, kanuni ni zile zile ila unapokea satelaiti, na huko pia ni chaneli za bure tu.

Hatua ya 5: programu

Nimejaribu njia kadhaa, iliyotulia ni LibreELEC. Ni mfumo mdogo ambao kompyuta ikiwaka inaingia moja kwa moja kwenye Kodi (programu ya kuangalia TV na video), hakuna desktop, hakuna virusi, mama anaweza kutumia. Pakua toleo la Generic la kompyuta za kawaida, liandike kwenye flashi kwa programu yao wenyewe au Rufus, washa kompyuta kwa flashi, install kwenye SSD. Itafuta kila kitu kwenye SSD hiyo kwaio kama kuna picha zako zitoe kwanza. Unahitaji intaneti siku ya kufunga tu, bando la simu linatosha, baada ya hapo kuangalia na kurekodi hakuli bando hata kidogo.

Ukishaingia, weka saa kuwa Africa/Dar_es_Salaam. Alafu nenda kwenye Add-ons, repo (ghala la programu) ya LibreELEC, Services, weka Tvheadend server. Rudi kwenye PVR clients weka Tvheadend HTSP Client. Ya kwanza ndo inarekodi, ya pili inaonesha kwenye TV.

Sasa chukua simu au laptop iliyoko kwenye Wi-Fi moja na mashine, fungua brauza uandike anwani ya IP ya mashine (namba yake kwenye Wi-Fi hiyo) na mwishoni :9981. Utaona ukurasa wa Tvheadend. Unatisha kidogo, vitufe vingi, ila sisi tunagusa vichache. Ingia Configuration, DVB Inputs. Kwenye Networks tengeneza mtandao wa aina ya DVB-T. Kwenye TV adapters chagua tuna yako uipe huo mtandao na uiwashe. Kwenye Muxes (yale mafungu ya masafa) ndo unachukua ile karatasi, ongeza kila masafa kwa mkono, chagua DVB-T2, upana 8 MHz, hayo mengine acha yalivyo. Kuwa makini, programu inataka masafa kwa Hz, kwaio 500 MHz inakuwa 500 ikifuatiwa na sifuri sita. Subiri dakika chache ipige skani, ikiandika OK umeshinda. Nenda Services, utaona orodha ya chaneli, na safu ya Encrypted inakuonesha zipi zimefungwa. Zile za bure zichague, bonyeza Map services, tayari.

Kabla hujafurahi nenda Status, Stream, alafu washa chaneli moja uangalie safu ya Continuity Errors (makosa ya data zilizokatika njiani) kwa dakika kumi. Inatakiwa isimame sifuri. Kama inapanda pandisha tena ngazi urudi kwenye antena, hamna kitu cha kurekebisha kwenye kompyuta. Na hiyo ya kuangalia makosa ifanye usiku wakati wa mvua isiyo na radi pia kama unaweza, signo ya mchana mkavu inadanganya.

Hatua ya 6: kupanga kurekodi

Kwanza mwambie rekodi zikae wapi: Configuration, Recording, profile ya kwanza, kwenye njia ya kuhifadhi weka diski yako kubwa, mfano /var/media/REKODI kama diski uliiita REKODI. Hapo hapo weka dakika za ziada, mi nimeweka 5 kabla na 20 baada. Vipindi vyetu havianzi kwa dakika kamili, na mpira ukiingia muda wa nyongeza na matuta bila hizo dakika utarekodi mechi yote ukakosa mwisho wake. Kwa mechi za mtoano mi naongeza saa nzima.

Kuna njia mbili za kupanga. Autorecs inafuata jina la kipindi kwenye ratiba inayotumwa na kituo. Ni nzuri kama ratiba ni ya kweli, ila chaneli nyingine zinatuma ratiba tupu au ya uongo. Kwa hizo tumia Timers, unaweka chaneli, siku na saa basi. Kumbuka programu inahesabu saa kizungu, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni 20:00, na ibada ya saa tatu asubuhi ni 09:00. Nlimwachia mdogo wangu apange, akaandika 02:00, tukapata masaa ya muziki wa usiku wa manane kwa wiki nzima.

Mama anafunga meza yake Mwanjelwa jioni, mpaka apate bajaji afike nyumbani habari imeshaisha. Sasa anafika, anakula, anafungua habari yake toka mwanzo, na akiitwa mlangoni anasimamisha. Rimoti yake ni simu, ile app ya Kore ya Kodi inafanya kazi kwenye Wi-Fi ya nyumbani bila bando. Nimemuwekea na rekodi zijifute baada ya siku 14, isipokuwa zile anazosema mwanangu hii iache.

Hatua ya 7: za kuacha zitoe kwenye mashine

Diski inakufa bila kukuaga. Kitu cha thamani kikirekodiwa, kikopi siku hiyo hiyo kwenye diski ya nje na uiweke nyumba nyingine kabisa. Ukitaka kumpelekea mtu kwa flashi angalia kitu kimoja, flashi nyingi zimeformatiwa FAT32 na hiyo haikubali faili linalozidi GB 4, ibada ya masaa mawili ya HD itakataa katikati na utadhani flashi ni mbovu. Ifomati exFAT kwanza, ila TV za zamani haziisomi exFAT, kwa hizo kata rekodi vipande viwili uache FAT32. Na ni kwa ajili ya familia tu, kipindi cha watu usikipandishe mtandaoni.

Mwezi wa kumi na mbili kwaya iliitwa tena. Nilipanga Timer siku tatu kabla, dakika 30 kabla na saa nzima baada, na usiku wake nilishika simu naangalia mawingu. Lile faili lina GB 2.1. Kopi moja iko kwetu, moja iko Tukuyu kwa mama mdogo, nae TV yake ni ya zamani kwaio yake niliiweka kwenye flashi ya FAT32, na kwa kuwa haizidi GB 4 sikuhitaji kuikata.